Rundo Lisilogawika

Paukwa!

Pakawa!

Aa, mmeitika kama watu walioshiba wakasinzia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Sogeeni motoni, na mwenye kukohoa akohoe sasa. Hadithi ya leo si ya kuchekesha. Anayetaka ya kuchekesha na amngoje mwingine.

Hapo zamani za kale, wakati watu na wanyama walipokuwa wakisemezana, palikuwa na nchi yenye mawe mengi na visima vichache. Mfalme wake akiitwa Mwaringa. Mfalme huyu alisifiwa kwa jambo moja: hakumkatalia mtu. Ukimwendea na haja yako, alikusikiliza mpaka mwisho, kichwa kakiinamisha, mkono kauweka shavuni, kisha akasema, "Nimekubali." Hakuna aliyewahi kusikia neno "hapana" kinywani mwake. Ila kila alipokubali aliweka sharti, na kwenye sharti ndipo watu walipokwama.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke jina lake Mbeyu, na mumewe Nzaro, mchimba visima. Nzaro na wenzake walichimba kisima kikubwa kiangazi kizima. Mikono ikawachubuka, na mwenzao mmoja akafukiwa na udongo. Maji yalipotoka, mfalme akaja, akayaonja, akayasifu, akaamuru kisima kizungushiwe ua wa miiba na mlinzi asimamishwe mlangoni. Watu wakanyamaza. Nzaro akasema, "Kisima hiki tumechimba sisi."

Ni hayo tu. Hakutukana, hakuinua jembe. Jua halijatua, alikuwa ndani ya shimo la mawe nyuma ya nyumba ya mfalme, shimo lililofunikwa kwa jiwe zito lenye tundu moja tu, kiasi cha kupitisha kata ya uji.

Mbeyu akaenda barazani, akapiga magoti.

"Ewe mfalme, naomba mume wangu."

Mfalme Mwaringa akainamisha kichwa, akaweka mkono shavuni, akasikiliza mpaka mwisho. "Nimekubali," akasema. "Kunguru! Mletee huyu mama rundo lake."

Kunguru ndiye aliyekuwa mhesabuji wa mfalme. Akaja akiruka-ruka, nyuma yake watumishi wamebeba kapu la mbegu za ukwaju, nyeusi, zinang'aa, wakazimwaga chini.

"Mbegu elfu mbili mia tano na ishirini na moja," Kunguru akalia. "Nimezihesabu mimi."

"Sharti langu ni jepesi," mfalme akasema. "Zipange safu zilizo sawa. Ziwe safu mbili, ziwe tatu, ziwe kumi, upendavyo wewe mwenyewe. Safu moja ndefu siitaki, wala mbegu mojamoja sizihesabu kuwa safu. Lakini zikishakaa safu sawasawa, isizidi mbegu hata moja, isipungue hata moja, siku hiyohiyo mumeo anatoka. Na muda wote unapopanga, mumeo atakula uji wa jikoni kwangu. Ukiacha kupanga, nitajua umemwacha, na mimi siwezi kumlisha mtu aliyeachwa na wake."

Watu wakapiga vigelegele. "Mfalme ana huruma! Mbegu za ukwaju tu! Hata mtoto angeweza!" Na Mbeyu naye, hebu nisiwafiche, alifurahi. Aliubusu mkono ule.

Nyuma ya nyumba ya mfalme palikuwa na kiwanja kilichofagiliwa, kimezungushiwa ua, na watu wengine wenye haja walikuwa wamekaa humo, kila mmoja mbele ya rundo lake. Mbeyu akachagua mahali kando ya bibi mmoja aitwaye Haluwa, ambaye mwanawe Dzombo alikuwa shimoni kwa kuchota maji ya kisima kile bila ruhusa. Akachuchumaa, akaanza.

Akapanga mbili mbili. Ikabaki moja.

Akapanga tatu tatu. Ikabaki moja.

Akapanga nne nne. Ikabaki moja.

"Zinakaribia," akajiambia. Alipopeleka uji tunduni, Nzaro akauliza kutoka gizani, "Mke wangu, zimebaki ngapi?"

"Moja tu, mume wangu."

"Moja tu? Basi kesho natoka!"

Akapanga tano tano, ikabaki moja. Sita sita, ikabaki moja. Saba saba, ikabaki moja. Nane nane, tisa tisa, kumi kumi, moja, moja, moja. Kila alipofika mwisho, mbegu ileile moja ilibaki mkononi mwake, haina pa kukaa, kama mgeni aliyefika karamuni sahani zimekwisha.

"Zimebaki ngapi?" Nzaro akiuliza.

"Moja tu."

Nzaro alicheka mara ya kwanza. Mara ya pili hakucheka. Mara ya tatu alisema, "Mbegu moja, Mbeyu. Mbegu moja inakushinda?"

Siku hiyo Mbeyu alirudi kiwanjani akakaa, akaitazama mbegu ile kiganjani kama mtu anayemtazama adui yake. Panya akatokeza pua chini ya jiwe.

"Dada, nimekuona tangu zamani. Mbona unajitesa? Nipe hiyo moja niile."

"Toka hapo."

"Nipe tu. Mimi nina njaa, wewe una shida."

"Nimesema toka!"

"Mbegu moja, dada. Nani atajua?"

Mbeyu akatazama huku, akatazama huku. Akafungua kiganja. Panya akaila, kru, kru, kru, akajipangusa masharubu, akaingia zake chini ya jiwe.

Basi msikie. Mbegu zilizobaki zikawa tiifu kama mbuzi wa kufugwa! Akazipanga mbili mbili, zikakaa. Akazipanga tatu tatu, zikakaa. Nne, tano, sita, saba, nane, tisa, kumi, kila alivyozipanga zilikaa, haikuzidi, haikupungua. Mbeyu alilia kwa furaha peke yake, akizipanga na kuzipangua ili azione zikikaa tena. Kisha akaziacha kumi kumi, akaenda kumwita mfalme.

Mfalme akaja na watu wake. Kunguru akapita juu ya safu, akitingisha kichwa. Alipofika mwisho akapiga ukelele, "Elfu mbili mia tano na ishirini! Imepungua moja!"

Mbeyu akalitazama jiwe la Panya.

"Mbegu yangu imeliwa," mfalme akasema kwa huzuni, kama mtu aliyefiwa. "Lakini mimi simkatalii mtu. Mpeni mbegu nyingine aanze upya. Na uji wa mumewe ukatwe nusu, ili naye ajifunze kuwa mwaminifu."

Watu wakasema, "Mfalme angeweza kumfukuza. Ana huruma!"

Nzaro akanywa nusu uji, na Mbeyu akaanza upya. Kumi na moja kumi na moja, zikabaki mbili. Kumi na mbili kumi na mbili, ikabaki moja. Kumi na tatu kumi na tatu, zikabaki kumi na mbili, yaani ilikosekana moja tu zikae. Alipofika hapo aliuma kidole chake mpaka kikatoka damu. Mvua zikaja zikapita. Vidole vyake vikaota sugu, mgongo ukaanza kukataa kunyooka. Ishirini ishirini. Thelathini thelathini. Arobaini arobaini. Nzaro hakuwa akiuliza tena zimebaki ngapi. Alipokea kata, akanywa, akairudisha.

Mbeyu alipofika hamsini hamsini, zikabaki ishirini na moja. Akainuka ajinyooshe. Akazunguka safu zake, akasimama ubavuni mwazo. Na kutoka ubavuni akaziona mbegu zilezile safu zilezile, ila sasa zilizokuwa zikienda mbele zilikwenda kando.

Akasimama hapo muda mrefu.

"Ngoja kwanza," akasema. "Safu zikiwa sawa, ukizitazama kwa mbele ni safu, ukizitazama kwa ubavu ni safu vilevile. Nikizipanga sasa zaidi ya hamsini kwa kila safu, safu zenyewe hazitafika hata hamsini na moja. Nikisimama ubavuni nitaona safu fupi zisizozidi mbegu hamsini. Na safu za hamsini kushuka chini nimezijaribu zote. Zote zimekataa."

Akakaa chini polepole. Hapakuwa na kilichobaki cha kujaribu. Hata angepanga mpaka nywele zimwishe kichwani, rundo lile lisingegawika. Si kwa sababu yeye alikuwa mjinga, si kwa sababu mikono yake ilikuwa mizito. Idadi yenyewe ndivyo ilivyokuwa, na ilikuwa hivyo tangu siku ile alipoubusu mkono wa mfalme.

Kunguru alikuwa ametua juu ya ua.

"Kunguru," Mbeyu akamwita, "wewe ulijua."

"Kujua nini?"

"Kwamba hili halina mgawo."

Kunguru akajikuna shingo. "Mfalme huniambia, 'Nitafutie rundo gumu.' Nami natafuta. Hili lako lilinihangaisha hata nikaziota mbegu usingizini. Ni zuri mno. Ukiligawa kwa mbili, kwa tatu, mpaka kwa kumi, linakuachia moja tu, ili mtu asikate tamaa mapema."

"Utayasema hayo barazani?"

"Mimi?" Kunguru akashangaa kabisa. "Dada yangu, mimi nakula hapa."

Akaruka akaenda zake.

Mbeyu akamgeukia Bi Haluwa. Bibi yule alikwisha kuacha kupanga kwa kweli. Macho yalikuwa yameingia ukungu, na kazi yake ilikuwa kuzisogeza mbegu huku na huku ili aonekane anapanga, mwanawe apate uji.

"Mama," Mbeyu akasema, "tumechezewa. Marundo haya yamechaguliwa yasigawike."

Bi Haluwa akaziba masikio. "Usiniambie! Usiniambie hayo, mwanangu. Mimi nina huyu mmoja tu."

"Mama, nisikilize..."

"Basi lihesabu langu kwanza! Ulijaribu lako. Langu umelijaribu? Kabla hujaniua, jaribu langu!"

Mbeyu akaona aibu. Ni kweli hakulijaribu. Akalihesabu, akakuta elfu mbili mia nne na tisini na moja, pungufu ya lake kwa thelathini tu. Akapiga magoti mbele yake akaanza, akiwa hana tumaini lolote, ila kumridhisha mzee. Sasa alikuwa mwepesi. Alijua kwamba rundo likikataa mbili, nne isijaribiwe; likikataa tatu, tisa isijaribiwe. Akavuka ishirini, ambako Bi Haluwa alikomea. Akavuka thelathini. Akavuka arobaini. Arobaini na moja zikakataa. Arobaini na tatu zikakataa.

Akapanga arobaini na saba arobaini na saba. Mkono ukaenda kapuni kuchukua nyingine, ukakuta kapu tupu. Akatazama safu ya mwisho. Imejaa.

Akahesabu upya. Safu hamsini na tatu, kila safu mbegu arobaini na saba. Haikuzidi, haikupungua.

"Mama," akasema. "Mama, zimekaa."

Bi Haluwa akazipapasa safu zile kwa vidole, moja moja, mpaka mwisho, kisha akaanguka kifudifudi akalia. Mfalme akaitwa. Kunguru akahesabu mara moja, mara mbili, mara tatu, na kila mara mkia wake ulizidi kushuka, kwa maana rundo hilo alilipima mpaka arobaini tu, akachoka, akasema litafaa. Mfalme alimtupia Kunguru jicho ambalo Mbeyu hakulisahau. Lakini Mwaringa hakuwa mfalme kwa bahati. Akacheka kwa sauti kubwa, akaamuru ngoma zipigwe nchi nzima, na Dzombo akatolewa shimoni mbele ya watu wote, mwembamba kama mpini wa jembe, akapepesa macho juani.

Mbeyu akaona hiyo ndiyo saa yake. Watu wote walikuwa wamekusanyika. Akasimama katikati.

"Ewe mfalme! Rundo lile liligawika, na langu haligawiki. Nimelijaribu lote. Njooni mtazame, nitawaonyesha. Simameni ubavuni mwa safu zangu mtaona wenyewe. Mfalme, ulinipa kazi isiyowezekana, na ulijua."

Watu wakatazamana. Hakuna aliyesogea ubavuni. Mfalme akainamisha kichwa, akaweka mkono shavuni, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mama huyu anasema sharti langu haliwezekani," akasema kwa upole. "Bi Haluwa, wewe uliwezaje?"

Bi Haluwa alikuwa amemshika mwanawe mkono. Mlango wa ua ulikuwa wazi mbele yao, na walinzi wa mfalme walikuwa pande zote mbili za mlango huo. Akamtazama Mbeyu kwa macho yake yenye ukungu. Akamtazama Dzombo.

"Nilipanga," akasema. "Nilipanga tu, bwana wangu, zikakaa."

"Nani aliyekupangia?"

"Mimi mwenyewe."

"Mnasikia?" mfalme akawauliza watu. "Bibi wa macho mabovu!"

Hapo ndipo maneno yalipoanza. "Kumbe inawezekana!" "Ni uvivu tu!" "Uvivu gani? Hampendi mumewe." "Si ndiye aliyemlisha panya mbegu ya mfalme?" Mwanamke mmoja, ambaye yeye mwenyewe alikuwa na rundo lake kiwanjani, akamtemea Mbeyu mate miguuni. Mbeyu akamtafuta Kunguru kwa macho. Kunguru alikuwa akijichambua manyoya chini ya bawa.

Akaenda tunduni. Ngoma zilikuwa bado zinalia.

"Dzombo ametoka," Nzaro akasema kutoka chini.

"Ametoka."

"Mama yake kapanga."

"Nilimpangia mimi."

Nzaro akasema, "Ukampangia mwana wa watu."

"Nzaro, mume wangu, nisikilize. Idadi hazifanani. Nyingine zinavunjika, nyingine hazivunjiki, wala si ukubwa wala udogo. Lile lilikuwa pungufu ya letu kwa thelathini tu, lakini lina mgawo ndani yake, letu halina. Mimi nimelijaribu lote. Laiti ningekuwa na rundo lile, ungekuwa nyumbani leo."

"Mbegu moja," Nzaro akasema. "Miaka yote hii uliniambia imebaki moja."

"Ilikuwa kweli!"

"Nenda nyumbani, Mbeyu."

Hakwenda. Alirudi kiwanjani akachuchumaa, akapanga mbili mbili, tatu tatu, akijua mwisho wake, kwa sababu bila kupanga hapakuwa na uji. Kila siku akaipeleka ile nusu kata tunduni. Siku ya kwanza Nzaro hakuipokea. Siku iliyofuata hakuipokea. Mbeyu alimbembeleza, akamwapia, akamlilia, akalala kifudifudi juu ya mawe mdomo wake ukiwa ndani ya tundu, akamweleza habari ya mbele na ubavu tangu mwanzo. Shimo halikujibu. Walinzi walipoteremka, walimkuta ameegemea ukuta, amegeukia upande usio na mwanga.

Mfalme Mwaringa alihuzunika hadharani. Akatoa sanda nyeupe nzuri, akaruhusu maji ya kuoshea maiti yachotwe kisimani bure. Watu wakasema, "Mfalme gani mwingine angefanya hivyo?"

Walipokwisha kuzika na watu kutawanyika, Bi Haluwa akaja nyumbani kwa Mbeyu, anaongozwa mkono na Dzombo. Alikuwa na sahani ya ugali na kunde, imefunikwa. Akamwambia Dzombo angoje nje. Akakaa chini.

"Mwanangu," akasema, "nimekuja kusema kweli. Ulipanga wewe."

"Najua nilipanga mimi. Ungeyasema kule."

"Kule nilikuwa na mwana."

"Na mimi nilikuwa na mume."

Bi Haluwa akalia bila sauti. Mbeyu akamtazama akilia. Alitafuta moyoni mwake neno la kumpiga nalo, akalikosa. Akatafuta la kumsamehe, nalo akalikosa. Nje, Dzombo alisikika akipiga chafya, kijana mzima, yu hai.

Mbeyu akaivuta ile sahani. Akaifunua. Alikuwa hajala tangu maiti ilipotolewa, akanawa mikono, akala, mbele ya bibi yule, tonge baada ya tonge, mpaka ikaisha.

Hadithi yangu imekomea hapo. Sina tamu ya kuwatia mdomoni. Zimeni moto, mkalale.